Mashahidi Wawili wa Uganga

Sehemu kubwa ya habari tulizo nazo juu ya uganga wa Afrika Mashariki kabla ya hospitali imetufikia kwa kalamu za wageni. Mganga mwenyewe hakuandika. Aliyeandika ni msafiri aliyepita njiani, akatazama saa moja au siku kumi, kisha akarudi kwao akapiga chapa alichokiona. Kwa hiyo kila atakaye kuujua uganga huo hana budi awajue kwanza mashahidi wake. Katika kurasa hizi nataka kuwapima wawili, waliopita katika nchi zetu karibu wakati mmoja na kuchapisha maneno yao mmoja mwaka 1884 na mwingine mwaka 1885. Mmoja alipita hapa hapa Kajiado, naye ni Joseph Thomson. Wa pili, Robert Felkin, hakufika Kajiado. Aliona alichokiona mahali paitwapo Kahura, katika Bunyoro, upande wa magharibi wa Uganda ya leo. Wote wawili walisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi: Thomson elimu ya miamba, Felkin udaktari. Nawaweka katika mizani moja kwa kuwa wasomaji wetu huwatumia kwa pamoja, tena aghalabu bila kuwasoma.

Jambo hili si la zamani tu. Mwanafunzi wa Kitengela ashukapo katika gari kando ya barabara ya Namanga huwaona kina mama wa Kimasai wamepanga magome na mizizi juu ya gunia. Hatua chache mbele pana duka la dawa lenye leseni, na mbele zaidi hospitali ya serikali. Mgonjwa mmoja mara nyingi hununua huku na kutibiwa kule, na akiwa kule huficha habari za huku. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imeutambua uganga wa asili na kutaka usimamiwe, lakini darasani amani haijapatikana. Neno la dawa za asili likizuka katika mjadala, wanafunzi hugawanyika mara moja. Wako wasemao ya kwamba wazee wetu walijua kila kitu, na hospitali ni biashara ya wageni. Wako wasemao ya kwamba kabla ya Mzungu palikuwa na ushirikina mtupu. Kila upande ukitakiwa ushahidi huwakimbilia wasafiri wale wale.

Tumwanze Thomson, maana yeye ni wa kwetu kwa njia aliyopita. Mwaka 1883, akiwa kijana wa miaka 25, alitumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London atafute njia kutoka pwani hadi ziwa Viktoria kwa kukata nchi ya Wamasai. Mara ya kwanza alirudi nyuma karibu na Kilimanjaro. Mara ya pili aliambatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua nchi na watu wake, akapita nyika za Amboseli, akafika Ngong. Nchi hizo leo zimo katika kaunti ya Kajiado. Kitabu chake, Through Masai Land, kilitoka London mwaka 1885.

Kama kitabu cha safari, hakina ubaya. Thomson ana jicho la milima na mabonde, ana mzaha, tena hujicheka mwenyewe, jambo ambalo wasafiri wenzake wengi hawakuliweza. Anasifiwa pia kwa kupita katikati ya watu wenye mikuki bila kumwaga damu yao. Lakini msomaji anayetafuta uganga katika kitabu hicho hupewa kiini macho. Thomson alikuwa na meno mawili ya bandia. Vijana wa Kimasai walipomzunguka aliyatoa mbele yao, kisha akayarudisha mahali pake. Alikuwa pia na chumvi ya Eno, ile ile ambayo hata leo huuzwa katika maduka yetu kwa tumbo lililojaa gesi. Aliitia katika maji, ikachemka bila moto, na watu wakastaajabu. Kwa hila hizi mbili akahesabiwa kuwa laiboni mweupe. Watu wakamwendea na haja zao, akawatemea mate, kwa sababu mate kwa Wamasai ni baraka, nao wakaondoka.

Simlaumu kwa kuiokoa roho yake. Kijana mgeni aliyezungukwa na mamia ya morani ana haki ya kung'oa hata meno yasiyo ya bandia. Lawama yangu ni juu ya kalamu. Safari imekwisha, hatari imepita, mwandishi ameketi kwao na wino, na bado anawaonyesha wasomaji wake ya kwamba dawa katika nchi ile ni mchezo kati ya mjanja mmoja na wajinga wengi. Nani walikuwa wale waliomwendea? Mwaka 1883 homa ya mapafu ilikuwa ikiua ng'ombe wa Wamasai. Mwaka 1891 ilifuata sotoka, na mwaka 1892 ndui ikawashika watu wenyewe. Wamasai huiita miaka hiyo emutai, yaani kuangamia. Watu walio ukingoni mwa maafa kama hayo hawamwendei mgeni kwa kutaka kuchekeshwa. Walikuwa na maradhi, walikuwa na mifugo inayokufa, na kwa hakika walikuwa wamekwisha jaribu dawa zao kabla ya kujaribu povu lake. Zilikuwa dawa gani? Ukurasa mmoja wa kujibu swali hilo ungalitufaa leo kuliko hadithi zote za meno.

Wala hakuhitaji kwenda mbali. Lugha yenyewe ilikuwa tayari kumfundisha. Kimaa kinamtenga oloiboni, mtu wa ramli, utabiri na baraka, na olabaani, mtu anayetibu. Na neno olchani katika lugha hiyo lina maana mbili: ni mti, na ni dawa. Mtoto yeyote wa Kajiado aliyelelewa na bibi yake anajua kwamba gome la olkiloriti hutiwa katika mchuzi wa nyama, na kwamba olmukutan hunywewa kwa ajili ya minyoo. Thomson aliridhika kuitwa laiboni na hakumtafuta olabaani. Baadaye wasomaji wake huko Ulaya waliwajumlisha wote katika jina moja la mchawi, na jina hilo likafunika elimu yote iliyokuwa chini yake.

Felkin ni shahidi wa namna nyingine kabisa. Maandishi yake si kitabu cha safari. Ni makala ya kurasa chache juu ya uzazi katika Afrika ya Kati, aliyoisoma mbele ya chama cha madaktari wa uzazi cha Edinburgh mwezi Januari 1884, ikapigwa chapa mwaka huo huo katika jarida la matibabu la mji ule. Alikuwa amekwenda Buganda kwa kazi ya misheni, naye wakati huo, mwaka 1879, hajahitimu bado. Katika makala hiyo mna habari nyingi za desturi za uzazi, na nyingine zinachosha. Katikati yake lakini mna masimulizi ya upasuaji mmoja, nayo ndiyo yanayofanya jina la Felkin litajwe hata leo.

Nitayasimulia kwa maneno yangu. Mama alikuwa wa miaka kama 20, na mimba yake ilikuwa ya kwanza. Alilazwa juu ya kitanda kilichoinama, kichwa kikielekea ukuta wa nyumba. Alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi hata akalewa nusu. Kifua chake kilifungwa kitandani kwa nguo ya gome la mti, na mapaja vivyo hivyo. Mtu mmoja alimshika vifundo vya miguu, mwingine alilituliza tumbo. Mpasuaji alisimama upande wa kushoto, kisu kimeinuliwa, akinong'ona maneno. Aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji. Akapiga ukelele mkali, watu waliokuwa nje wakauitikia, na papo hapo akapasua mstari mmoja wa katikati, kutoka juu kidogo ya kinena hadi chini kidogo ya kitovu. Msaidizi aligusa kwa chuma cha moto mahali palipotoka damu. Mtoto alitolewa upesi akapewa msaidizi mwingine, na kitovu chake kikakatwa. Mpasuaji akakiacha kisu, akalishika tumbo la uzazi kwa mikono miwili akalikamua. Halafu aliingiza mkono ndani, akaupanua mlango wa kizazi kwa vidole kutoka ndani kwenda nje, akatoa mabonge ya damu na kondo la nyuma. Tumbo la uzazi halikushonwa. Jeraha lilifunikwa kwa mkeka wa majani, mama akageuzwa ili maji yaliyosalia yatiririke. Kisha kingo za tumbo la nje zikakutanishwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyong'arishwa, ikakazwa kwa nyuzi za gome. Juu yake pakapakwa rojo ya mizizi ya namna mbili iliyotafunwa, likawekwa jani la mgomba lililopashwa moto, na yote yakafungwa kwa nguo ya gome. Mama hakutoa sauti mpaka misumari ilipoanza kupita.

Swali la kwanza la mhakiki ni hili: tumwamini? Wako waliosema ya kwamba habari hii ni nzuri mno kuwa kweli. Mimi namwamini, na sababu zangu zimo katika maandishi yenyewe. Mtunzi wa uongo hupenda mambo yaende sawa. Felkin anaandika ya kwamba msaidizi alijaribu kuyazuia matumbo yasitoke nje, asifaulu. Jambo hilo halimpambi mtu yeyote katika masimulizi, na halikuwa na haja ya kuwamo ila kwa kuwa lilitokea. Anaandika ya kwamba joto la mwili halikupita digrii 99.6 za Farenhaiti ila usiku wa pili, ambapo lilifika 101. Anahesabu misumari: siku ya tatu mmoja ulitolewa, siku ya tano mitatu, siku ya sita yote iliyobaki. Tena anaongeza ya kwamba mtoto alikuwa na jeraha begani, likapakwa rojo ile ile, likapona kwa siku nne. Ni nani abuniye jeraha la bega? Kisu kiliteleza, au kilipita kwa haraka, na shahidi akaandika.

Tazama pia namna anavyoandika. Hapana sifa, hapana mshangao, hapana neno juu ya ushenzi wala juu ya fahari. Kitenzi hufuata kitenzi kama mikono ilivyofuatana. Ni mwandishi ambaye kwa nusu saa amejisahau, na katika vitabu vya wasafiri wa karne ile kusahau nafsi ni kitu adimu. Thomson hawezi kueleza mambo ya dawa bila yeye mwenyewe kuwa katikati ya uwanja. Felkin yuko pembeni, karibu na ukuta, wala hatumwoni.

Tena alichokiona kina maana kuliko alivyosema. Yule aliyeupanua mlango wa kizazi kutoka ndani alijua ya kwamba damu na maji yatakayosalia lazima yapate njia ya kutokea siku zijazo, la sivyo yataoza ndani. Mtu hapati wazo hilo asubuhi ya kwanza. Wasaidizi walijua kila mmoja mahali pake: wa chuma, wa tumbo, wa mtoto, wa miguu. Chuma kilikuwa kimekwisha kuwa motoni. Misumari ilikuwa imekwisha kung'arishwa. Nyuma ya asubuhi ile palikuwa na asubuhi nyingine nyingi, na nyingine bila shaka zilikuwa za msiba. Felkin mwenyewe asema ya kwamba upasuaji huo ulifanywa na wanaume kwa tumaini la kuwaokoa mama na mtoto pia, na ya kwamba hufaulu pengine. Neno hilo pengine ni dogo, lakini wasomaji wengi wameliruka.

Wakumbukwe na wale waliokuwa wakimsikiliza. Chumba kile cha Edinburgh kilikuwa katika mji ambamo James Young Simpson alianza kuwapa kina mama kolorofomu mwaka 1847, na ambamo Joseph Lister, aliyetangaza mwaka 1867 namna ya kuzuia usaha kwa asidi ya kaboliki, alifundisha upasuaji kwa miaka kadhaa. Hata hivyo mama aliyepasuliwa tumbo Ulaya ili azae alikuwa bado karibu na kaburi kuliko na nyumba yake. Mwaka 1876 Eduardo Porro wa Pavia, Italia, aliamua kulikata na kulitoa tumbo lote la uzazi ili mama asife kwa damu na usaha. Mwaka 1882 tu ndipo Max Sänger wa Leipzig alipoeleza vizuri namna ya kulishona. Kabla ya hapo madaktari wengi wa Ulaya waliliacha wazi, wakidhani litajifunga lenyewe kwa kujikaza. Basi mpasuaji wa Kahura aliyeacha kushona alifanya kama walivyofanya maprofesa wa zama zake. Anayemcheka na awacheke wote.

Nimemsifu Felkin kwa macho yake. Kwa masikio yake siwezi. Mpasuaji yule hana jina. Mama hana jina. Maneno yaliyonong'onwa juu ya kisu yamebaki kuwa mnong'ono: yalikuwa maombi, au ilikuwa orodha ya kazi ambayo fundi hujikumbusha kabla ya kuanza, au yote mawili? Ukelele ule ulioitikiwa na watu wa nje, ulikuwa ishara kwa wasaidizi, au njia ya kuizamisha sauti ya mama kama angelia? Mizizi miwili iliyotafunwa ni ya mimea gani? Daktari mwanafunzi aliyekuwa na subira ya kuhesabu mapigo ya moyo hakuandika jina la mzizi mmoja. Mtu asiseme ya kwamba hapakuwa na mkalimani. Felkin alijua umri wa mama, na alijua ya kwamba mimba ni ya kwanza. Mambo hayo hayaonekani kwa macho, aliambiwa. Basi palikuwa na mtu wa kumwuliza, na kinywa cha kujibu, naye akauliza habari za mgonjwa tu. Hakumwuliza fundi habari za ufundi wake, kwa sababu hakudhani ya kuwa fundi ana sababu. Aliona mikono ya mwenzake katika kazi, na hakuona ya kuwa mikono hiyo inafuata fikira.

Kwamba swali lingalizaa matunda, twaweza kulipima kwa shahidi mwingine. Miaka michache baadaye Robert Koch, daktari Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania akichunguza homa ya malaria. Mwaka 1898 alieleza ya kwamba watu wa milima ya Usambara walisema homa hiyo wanaipata kwa kuumwa na mbu wanaposhuka tambarare, na ya kwamba ugonjwa na mdudu waliuita kwa jina moja, mbu. Mwaka mmoja tu uliotangulia Ronald Ross alikuwa ameona kijidudu cha malaria ndani ya mbu huko India. Koch alisikiliza jina, na ndani ya jina akakuta elimu. Hata katika nchi ya Wamasai yuko aliyefanya kazi kwa njia ya masikio: A. C. Hollis, ambaye kitabu chake juu ya lugha na masimulizi ya Wamasai kilitoka Oxford mwaka 1905. Hollis alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na mengi katika fikira zake ni ya ofisi ile. Lakini aliandika maneno ya Wamasai kwa Kimaa, kisha tafsiri yake kando, na aliyemsaidia, Justin Lemenye, twamjua kwa jina. Habari za maisha ya Justin zilipigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1953. Mwenye kutilia shaka tafsiri ya Hollis anaweza kurudi kwenye Kimaa chenyewe. Mwenye kumtilia shaka Felkin juu ya mnong'ono ule hana pa kurudi.

Sasa tuyarudie yale makundi mawili ya darasani. Wenye dharau nadhani wamekwisha jibiwa. Msomi wa Makerere, J. N. P. Davies, aliyekuwa bingwa wa elimu ya maradhi, aliichunguza habari ya Kahura katika makala yake ya mwaka 1959, akaiweka katika historia pana ya uganga wa Bunyoro, nchi ambayo watu wake walikuwa na desturi ya kujaribu na kupima dawa. Kama mtu akiuliza elimu hiyo ilikwenda wapi, na asome habari za vita vya Waingereza na mfalme Kabalega, vilivyoanza mwaka 1893 na kumalizika mwaka 1899 kwa mfalme kutekwa na kuhamishiwa Shelisheli. Elimu isiyo na kitabu hukaa ndani ya watu, na watu walikufa kwa vita, njaa na maradhi.

Wenye majivuno ni wagumu zaidi, kwa kuwa wanalo jambo la kweli mkononi na wanalitumia vibaya. Wanasema: kama mganga wa Kahura aliweza, mama wa leo ana haja gani na hospitali? Hapa lazima nitumie ukali. Mama mmoja aliyepona huthibitisha ya kwamba kupona kuliwezekana. Hatuambiwi ni wangapi walizikwa. Pombe ya ndizi si kali kiasi cha kuua vijidudu vinavyoozesha jeraha, na aliyeosha mikono kwayo alifanya vema kuosha, lakini hatuwezi kumpa elimu ambayo masimulizi hayasemi kwamba alikuwa nayo. Na tumbo la uzazi lisiloshonwa, hata likifunga, huacha kovu dhaifu ambalo katika mimba inayofuata laweza kupasuka, na hapo mama hufa kwa damu ya ndani asipopata mpasuaji mara moja. Kajiado ni kaunti ya zaidi ya kilometa za mraba 21,000. Wa Kitengela yuko mlangoni mwa Nairobi. Wa ndani kuelekea Magadi au Amboseli hupima safari kwa masaa na kwa bahati ya kupata gari. Kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2019, katika Kenya walikufa kina mama 355 kwa kila watoto hai 100,000 waliozaliwa, na damu inayotoka bila kuzuiwa ni mojawapo ya sababu kubwa. Mtu anayemshika mama wa namna hiyo nyumbani kwa kutaja Kahura hajaisoma Kahura. Mpasuaji yule hakungoja mpaka mama akate roho. Alikusanya watu, akaweka chuma motoni, akaosha mikono, akapasua. Lau angalikuwa na uzi na nusukaputi, sioni kwa nini asingalivitumia.

Yafaa kulinganisha maandishi ya Felkin na maandishi mengine ambayo wanafunzi wengi hawayajui ingawa yanaandikwa kila siku katika hospitali zetu, nayo ni karatasi za chumba cha upasuaji. Humo huandikwa jina la mama na umri wake, jina la daktari aliyepasua, jina la aliyetoa nusukaputi, jina la muuguzi aliyehesabu vitambaa na vyombo kabla tumbo halijafungwa, saa ya kisu cha kwanza, kiasi cha damu iliyopotea, aina ya uzi, na kila tabaka la mwili lilivyoshonwa. Lugha yake ni kavu, wala hakuna atakayeiweka katika kitabu cha fasihi. Lakini mtu akipata dhara mwaka wa pili au wa kumi, karatasi hiyo hufunguliwa, na aliyefanya kazi huulizwa kwa jina lake. Kwa kipimo cha macho Felkin anakaribia karatasi hiyo kuliko msafiri yeyote wa wakati wake ninayemjua. Kwa kipimo cha majina hana kitu.

Masimulizi yake yanakwisha ghafula. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga, mama hana homa, mtoto ananyonya. Siku hiyo msafara wa Felkin uliondoka Kahura, naye akaenda nao. Ndani ya mwili wa mama yule mliachwa kovu lisiloshonwa, naye alikuwa na miaka kama 20, na mtoto mmoja tu.